Mbuzi Aliyenenepa Katika Novena

Kabondo, Kisangani, tarehe 8 Januari 2026

Papa Olga, mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii anakuletea Carlos wa moto, yule anayepeleka sabuni kwa pikipiki huko Ubundu kila wiki, kwa sababu simu yako tangu Bonané, siku ya mwaka mpya, inaniambia tu kwamba haupatikani, na mimi siwezi kuzungumza na mashine mwezi mzima. Ujibu kupitia kwake. Kwenda nimemlipa mimi, kurudi utamlipa wewe.

Sisi wazima. Olga anasoma hadi macho yanakuwa mekundu. Mwalimu wake wa hesabu amesema akiendelea hivi, Exetat ya mwaka huu, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ataipita huku anaimba. Namshukuru Mungu, na wewe pia nakushukuru, kwa kuwa ulilipa pesa ya mtihani wake mapema, kabla ya Noeli kutupanda kichwani. Wadogo zake wanamalizia viatu vya sikukuu kwenye matope ya avenue hapa mtaani. Mbuzi wako naye ni mzima. Watoto wamempa jina, wanamwita Bonané, na anakula kuliko sisi sote.

Habari kubwa ya nyumba ni kwamba tumeingia katika novena. Novena ya kufunga. Tunakula mara moja kwa siku, jioni, kidogo, na siku nyingine ni chai. Niliona baada ya ile karamu ya Noeli ambapo nusu ya avenue ilikula kwetu na nusu nyingine ikabeba, inafaa nyumba irudi kwa Mungu. Mama Françoise, mkubwa wa shirika letu la sala, aliingia juzi saa sita mchana akakuta mbabula, jiko letu la makaa, ni baridi. « Mama Olga, leo hamupike? » Nikamjibu, « Mama, sisi tuko mu novena. » Alifanya ishara ya msalaba pale pale mlangoni.

Usihangaike juu yetu. Lakini ukipata njia ya kutuma mchele kidogo kwa ajili ya maskini, maskini watashukuru.

Mke wako katika sala,
Adeline Kanyere


Ubundu, tarehe 11 Januari 2026

Mama Olga, mke wa moyo wangu,

Barua yako niliisomea kwenye kituo cha treni nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye neno novena nikakaa juu ya gunia. Nimeirudia tena na tena. Hakuna mahali uliponitukana. Umeandika tu, kwa upole, kwamba unanishukuru kwa kulipa pesa ya Olga mapema. Adeline, upole huo umenichoma kuliko kelele. Mwanamke hafungi chakula mara tu baada ya Noeli bila sababu. Umejua, na unafunga kwa ajili yangu.

Basi ngoja niseme mwenyewe. Siku ile nilikwenda shuleni kweli, na bahasha mkononi, nikakuta ofisi imefungwa kwa likizo. Nikaitia bahasha kwenye mfuko wa koti nikisema, bon, nitarudi Januari. Koti hilo ndilo nililovaa kwenye Misa ya Noeli. Ukaja mnada wa mavuno. Unajua ulivyo: katekista anainua nanasi, anainua kuku, watu wanapandisha bei, pesa inakwenda kwa parokia, na kila jicho linaona nani ametoa nini. Mimi nilikuwa nimekaa kwa amani. Halafu wakaleta mbuzi, na Cyprien akainua mkono.

Cyprien unamjua. Duka lake la vitambaa vya vikwembe linatazamana na langu, tulitoka Butembo mwaka mmoja, na tangu anunue jenereta hasalimii tena kwa mdomo, anatikisa kichwa tu. Aliinua mkono akanitazama. Nikainua wangu. Akapandisha, nikapandisha. Mama wa kwaya wakaanza vigelegele, na mkono wangu ukawa unapanda wenyewe, nakuapia, mimi nikiwa chini yake. Katekista alipopiga kelele « Kataliko! » nilikuwa nimenunua mbuzi mmoja kwa bei ya mbuzi watatu, na sikuwa na pesa nyingine isipokuwa ile ya bahasha. Nilikuambia mbuzi ametoka kwenye faida ya mafuta ya dukani, na kwamba shuleni nimelipa. Nilidanganya.

Treni ikija nitapakia samaki na mchele, nitauza Kisangani, nitalipa. Wanasema itafika wiki hii. Tangu leo mimi pia ninafunga. Nimekula samaki mmoja tu, mdogo.

Mwenye dhambi wako,
Clovis Kataliko


Kabondo, tarehe 14 Januari 2026

Clovis,

Sikujua.

Nirudie haraka, maana Carlos amesimama mlangoni anangoja: sikujua chochote! Nilikushukuru kwa sababu nilikuwa ninakushukuru. Nilikusifu hata mbele ya mama yangu, na unajua mama yangu alivyo mgumu kukusikia ukisifiwa.

Na kwa kuwa umeanza kusema ukweli, pokea na wangu. Hakuna novena. Kuna njaa. Pesa uliyoniachia ya kula mpaka Februari iliisha kabla ya wewe kupanda moto kwenda huko. Ilikwenda kwenye kikwembe cha kwaya, kwa sababu sikutaka kuwa mimi peke yangu niliyevaa cha mwaka jana. Ilikwenda kwenye viatu, kuku, mchele, na bia za tonton zako, wale wajomba watatu waliokuja kutusalimia saa moja wakakaa wiki nzima. Kila nilipotoa noti nilisema Mungu atajalia, kana kwamba Mungu ndiye aliyenituma sokoni. Mama Françoise alipokuta mbabula ni baridi, aibu ilinishika, na neno lililotoka mdomoni ni hilo novena. Nikakuandikia na wewe hivyo hivyo, kwa kukuonea aibu. Mimi kumwonea aibu mtu aliyenunua mbuzi kwa mtihani wa mtoto wangu!

Sasa sikia uongo wangu ulivyokua. Jumapili baada ya Misa Mama Françoise alisimama akatangaza kwamba wakati watu wengine bado wana pombe ya Bonané kichwani, kuna nyumba moja Kabondo imerudi kwa Mungu. Shirika zima limeamua kufunga pamoja nasi. Wanaanza Ijumaa hii, siku tisa, na sala ni kwetu kila jioni. Jumapili tarehe 25 nitatoa ushuhuda kanisani, halafu tutakula pamoja hapa nyumbani. Watakula nini? Mama Françoise alizunguka nyuma ya nyumba akamshika Bonané mgongo. « Hii mbuzi iko munene sana, » akasema. « Mungu alisha kututayarishia. »

Nimekwenda shuleni. Orodha ya wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, inafungwa mwisho wa mwezi huu, na asiyelipa haandiki mtihani. Olga hajui. Jana amenionyesha jinsi atakavyosuka nywele siku ya mtihani.

Nataka kumuuza mbuzi. Ila sitauza kitu chako nyuma ya mgongo wako, maana nimeonja inavyouma. Niandikie neno moja tu, ndiyo, nami nitajua la kumwambia Mama Françoise.

Adeline


Ubundu, tarehe 17 Januari 2026

Mama Olga,

Kila neno ulilonipiga nalo nalistahili. Nilidhani unanifungia, kumbe mna njaa, nami nimekaa hapa katikati ya samaki. Nimemfungia Carlos kapu zima la samaki wa moshi. Muwale polepole, na mlango mfunge.

Lakini juu ya mbuzi, subiri kwanza. Mbuzi wa Kataliko hawezi kupita sokoni bila kuonekana. Kabla ya saa nne Cyprien atakuwa amesikia kwamba nilimnunua kwa mkono wa kuume mbele ya parokia nzima na kumuuza kwa wa kushoto kabla mwezi haujaisha. Atanitikisia kichwa mpaka tuzeeke. Tena huyo ni mbuzi aliyetoka altareni, si vizuri kumtembeza sokoni kama mbuzi wa kawaida. Mama Françoise mwambie ni mgonjwa. Au mwambie ana mimba.

Treni bado. Sasa wanasema wiki ijayo. Samaki ninao, mchele ninao, pesa sina, kwa sababu hapa kila mtu anauza samaki na hakuna anayenunua.

Nisikae bure, nimetengeneza bajeti ya Kikristo ya nyumba yetu, ili mambo ya Noeli yasirudie tena. Kwanza sehemu ya Mungu. Ya pili shule. Ya tatu chakula. Ya nne mtaji wa duka. Ya tano heshima, maana yake yale mambo ya ghafla ambayo mwanamume hawezi kuyakwepa mbele za watu. Niambie unaionaje.

Clovis


Kabondo, tarehe 20 Januari 2026

Papa,

Mama hajui kwamba ninakuandikia. Jana tulikwenda kundi zima kuangalia orodha kwenye mlango wa ofisi, nami nilikwenda nikicheka. Jina langu halikuwepo. Sekretari akaniambia, « Lakini weye haukulipaka. » Nikamwambia papa yangu alilipa kabla ya Noeli. Nikabishana naye mbele ya wenzangu wote, nikamwambia atafute vizuri, nikamwambia hajui kazi yake. Kurudi nilitembea kwa miguu. Wa toleka, wale wanaobeba abiria, waliniita na baiskeli zao nikawakatalia, kwa sababu nilikuwa ninalia na sikutaka mtu anione kwa karibu.

Mama akaniambia yote. Akanipa na barua zako nikasoma. Kuhusu mimba, Papa, Bonané ni dume.

Kila jioni nyumba inajaa watu wanaosali. Samaki wako walifika katikati ya rozari. Harufu iliingia, na Mama Françoise mwenyewe alipoteza hesabu ya Salamu Maria. Mama akasema ni samaki wa maskini, basi sasa wako juu ya kabati na hatuwezi kuwagusa.

Sina hasira kwa sababu ya pesa. Nina hasira kwa sababu nilikupigania pale ofisini na nilikuwa na uhakika. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemkatia mbuzi majani. Anatafuna ananiangalia, na mimi ninajiuliza kati yetu wawili papa alimchagua nani. Nijibu hilo tu. Mbuzi au mimi?

Olga


Ubundu, tarehe 22 Januari 2026

Olga, mwanangu,

Wewe.

Uzeni mbuzi. Mumuuze sokoni, mchana, watu wote waone, na wakiuliza ni wa nani waambieni ni wa Kataliko. Hata Cyprien akitaka kumnunua, muuzieni. Barua yako imeniliza mbele ya wauza samaki wote wa hapa, wamenipa maji na kiti. Unisamehe, mwanangu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anayenitazama kanisani si Cyprien peke yake.

Papa yako

Mama Olga, ile sehemu ya tano ya bajeti uifute.


Kabondo, tarehe 26 Januari 2026

Papa Olga,

Kaa chini kwanza. Tafuta gunia.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni, watu wako ndani, wanamaliza siku ya tisa. Nikaisoma jikoni. Nikajua kwamba kesho yake ninasimama mbele ya parokia kutoa ushuhuda wa novena, halafu ninarudi nyumbani na watu wenye njaa ya siku tisa wanaomngoja mbuzi ambaye hawatamla. Usiku huo Olga alinifundisha ushuhuda mzuri sana, wa uongo, wenye machozi katikati. Nilipopanda pale mbele sikukumbuka hata neno moja lake.

Nikasema: « Ba ndugu, mimi sikufunga. Sikuwa na chakula. Tulikula yote pa Noeli, nikaona haya, nikasema ni novena. » Nikawaambia na habari ya mtihani wa Olga. Ya bahasha sikusema, hiyo nimekuachia. Nikawaomba msamaha kwamba mbuzi hataliwa, anakwenda sokoni kesho.

Nikasikia mtoto mmoja anamenya karanga. Kisha Mama Françoise akainuka. Nikasema moyoni, leo nimekwisha. Akasema: « Miye pia kwangu hakuna kitu tangu Bonané. Siku Mama Olga alisema novena, nilisema, aksanti Mungu, njia ya kutokea njo hii. » Akakaa. Akainuka mwingine nyuma yake, akainuka wa tatu, yule mwalimu wa avenue ya pili akakiri kwamba ameuza redio. Clovis, shirika zima! Siku tisa tulikuwa tunasali tumbo tupu, kila mtu anadhani mwenzake ndiye mtakatifu!

Abbé Arsène, padri wetu, alishika altare kwa mikono miwili akicheka, mabega yakapanda na kushuka. Alipoweza kusema alituambia kwamba Mungu hakuamuru mtu anywe mshahara wa Januari kwa heshima ya mtoto aliyezaliwa zizini. Lakini sala za siku tisa, akasema, Mungu amezipokea, hata kama mlizianza kwa aibu. Hapo mimi nikalia kweli. Maana nikuambie kitu ambacho sikumwambia mtu: ilianza kama uongo, lakini kufikia siku ya tano nilikuwa ninamwomba Mungu kwa moyo wangu wote, kwa ajili ya Olga, na kwa ajili yako pia, ingawa wewe nilikuwa ninakuweka mwishoni.

Kisha Abbé akauliza kwa nini mbuzi aliyetoka kanisani aende kuuzwa sokoni. Anadiwe hapa hapa, na pesa iende kwa mtihani. Olga akakimbia kumleta. Katekista akauliza nani anaanza. Cyprien akainuka na koti lake la kijivu. « Kataliko alitiaka ngapi pa Noeli? » Katekista akajibu, « Bei ya mbuzi tatu. » « Basi miye natia ya mbuzi ine. » Hakuna mtu mwingine aliyeinua mkono. Alishindana na wewe peke yako, nawe uko Ubundu! Watu walipiga vigelegele, akaondoka na Bonané akimvuta kwa kamba mpya.

Leo asubuhi tumelipa mtihani. Risiti ninayo, jina la Olga liko kwenye orodha, nimeligusa kwa kidole. Kilichobaki kitatulisha mpaka treni yako ije. Na wale samaki wa maskini tuliwala jana baada ya Misa, shirika lote, na lituma aliyoponda Mama Françoise kwa ndizi za jirani. Tulitafuta maskini wengine pembeni tukakuta ni sisi tu.

Jambo moja la mwisho. Mchana huu Claudine, mke wa Cyprien, amekuja kunisalimia. Alikaa muda mrefu akisifu mapazia. Alipofika mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama novena inaweza kuanza siku yoyote, au lazima iwe Ijumaa. Nimempa nusu ya mchele wangu, na sikumuuliza kitu.

Adeline wako


Ubundu, tarehe 29 Januari 2026

Mama Olga,

Treni imefika! Tunapakia tangu alfajiri, na samaki wangu wako kwenye behewa la pili. Ikienda kama wanavyosema, nitafika kabla ya Jumapili. Lakini unajua wanavyosema, ndiyo maana Carlos anatangulia na barua hii.

Ulivyofanya pale kanisani mimi nisingeweza. Niliwasomea wenzangu hapa sehemu ya Abbé Arsène, na mmoja, Mwislamu wa Maniema, amecheka akasema nao baada ya Idi mambo ni yale yale, ila wao hawawezi kudai kwamba wanafunga, maana wametoka kufunga.

Nikifika sitakuja nyumbani moja kwa moja. Nitapitia shuleni kwanza, nimwombe sekretari msamaha mwenyewe, mbele ya wanafunzi, nimwambie mtoto wangu alikuwa anasema anachokiamini na mwongo ni mimi. Mwambie Olga. Mwambie pia kwamba kama hataki niende siku ya shule, basi nitakwenda siku atakayotaka yeye.

Sasa nikuambie lingine, na usinicheke. Nilipofika mahali ulipoandika bei ya mbuzi wanne, mkono wangu wa kuume uliinuka. Nilikuwa peke yangu, Adeline, kati ya magunia. Nimeogopa sana. Najua maneno matupu ya kuahidi, nilikuahidi hata mwaka juzi, baada ya ile habari ya nanasi la mnada. Basi safari hii sikuahidi kitu. Ninakuomba tu: Pasaka ikija na mnada ukianza, ukae kuume kwangu, karibu kabisa, unishike mkono huo mpaka baraka ya mwisho.

Clovis wako


Kabondo, tarehe 2 Februari 2026

Papa Olga,

Jumapili imepita na treni yako hatujaisikia, kwa hiyo namtuma Carlos akukute popote ulipo njiani.

Olga amesoma barua yako. Alikwenda kupiga pasi shati lako la Misa, akakaa huko muda mrefu kwa shati moja. Kisha akarudi akaniambia nikuandikie hivi: siku ya Pasaka mama ashike mkono wa kuume, na wa kushoto ataushika yeye.

Njoo nyumbani.

Adeline